Maswali ya Wasomaji: Kutembea Mashambani Uingereza na Watoto Wadogo

Tunaishi Leicester. Watoto wetu ni wa miaka minne na mwaka mmoja na nusu. Kila tukienda kutembea mashambani tunarudi tumenuniana: mkubwa analia abebwe, na kigari cha mdogo kimekwama kwenye tope. Tunakosea wapi? — Mama wa wawili

Mama, mnakosea kabla hamjatoka nyumbani, kwa kuchagua njia ya watu wazima. Mtoto wa miaka minne akiachiwa mwendo wake, wa kuokota vijiti na kuchungulia kila dimbwi, hafikishi kilomita mbili kwa saa. Kilomita tatu kwenda na kurudi zinamtosha. Pimeni kwa saa: nendeni dakika 40 kisha geukeni, hata kama bado anarukaruka, kwa sababu nguvu hizo ndizo zitakazomrudisha kwenye gari. Mkingoja achoke ndipo mgeuke, nusu ya safari itakuwa mgongoni mwa baba.

Kuhusu kigari, njia nyingi za miguu Uingereza hukatiza mashamba, na penye uzio huwekwa ngazi fupi ya mbao ya kuvukia, au kilango cha kupitisha mtu mmoja mmoja. Kigari hakipiti hapo mpaka kinyanyuliwe juu, na ramani haikuonyeshi ngazi ziko ngapi. Mdogo mwekeni kwenye mbeleko, au tafuteni njia iliyokuwa ya reli. Treni za zamani hazikuweza kupanda mteremko mkali, kwa hiyo njia zake hazina milima ya ghafla na zimeshindiliwa vizuri.

Kutoka kwenu, tunawashauri Monsal Trail iliyoko kwenye hifadhi ya taifa ya Peak District. Reli yake ilifungwa mwaka 1968, na sasa ni njia ya kilomita 13.7 karibu na mji wa Bakewell. Msijaribu kuimaliza. Anzieni kwenye kituo cha zamani cha Millers Dale au cha Hassop, penye maegesho na mkahawa, mtembee kipande kimoja tu. Watoto hupenda sana mahandaki yake, yaliyofunguliwa kwa watembeaji mwaka 2011. Mengine yanakaribia nusu kilomita. Ndani kuna baridi hata Julai na maji hudondoka, kwa hiyo koti liwe juu ya mkoba, lisiwe chini ya chakula. Baiskeli hupita kwa kasi. Mkubwa ashikwe mkono. Mtandao wa simu hupotea kwenye mabonde yale, basi pakueni ramani mkiwa nyumbani.

Jambo moja wazazi hulisahau: anayetembea hupata joto, anayekaa kwenye kigari hapati. Nyinyi mnavua makoti, kumbe yeye anaganda. Msimpime kwa viganja, ambavyo huwa baridi hata akiwa sawa. Ingizeni vidole nyuma ya shingo au kifuani. Mvalisheni nguo tatu nyembamba badala ya sweta moja zito, na ya ndani isiwe ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa hukaa na maji na kumnyonya joto. Wakati wa jua fanyeni kinyume: msifunike kigari kwa khanga wala blanketi, hewa haizunguki na ndani hugeuka tanuri.

Mkobani wekeni maji nusu lita kwa kila mtoto, soksi pea mbili za akiba, suruali moja, mfuko wa kurudishia nepi chafu, na chupa ya chai. Chapati za kukunja zinashinda wali, hazihitaji sahani wala mikono safi sana. Buti za mpira ni za kuchezea matope. Zikitembelewa mwendo mrefu huchubua visigino.

Njia zinapita katikati ya shamba la mtu. Hatutafukuzwa? Na ng'ombe je? — Msomaji, Reading

Hamtafukuzwa mkibaki kwenye njia. Mshale wa manjano kwenye nguzo maana yake ni njia ya umma ya waendao kwa miguu. Wa bluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Haki hiyo ipo hata njia ikipita katikati ya ngano. Lango mlilolikuta limefungwa lifungeni, mlilolikuta wazi liacheni wazi, kwani huenda mwenye shamba amelifungua mifugo ifikie maji. Uskoti ina sheria yake ya mwaka 2003, yenye uhuru mpana zaidi.

Ng'ombe wenye ndama ndio wa kuogopwa. Msipite kati ya mama na ndama, msikimbie, msipige kelele. Wabebeni watoto, zungukeni mbali hata ikibidi kuiacha njia kidogo, kisha rudini. Mkiwa na mbwa na ng'ombe wakawajia, mwachieni mbwa kamba. Atawakwepa, na wanayemwinda kwa kawaida ni yeye.

Tunaweza kuchoma nyama huko? — Kijana wa Manchester

Kwenye nyika za Peak District, hapana. Udongo wake wa mboji wenyewe huwaka, na moto hujificha chini ya ardhi siku nyingi. Nyika ya Saddleworth Moor iliungua hivyo mwaka 2018. Yale majiko madogo ya bati ya kuchomea nyama, ya kutumika mara moja, nayo msiyabebe. Chomeni nyumbani, mtie kwenye hotipoti.

Nimesikia kupe wa huku wana ugonjwa. Nitamjuaje kwenye ngozi nyeusi? — Mama, Southampton

Ugonjwa huo ni Lyme. Kupe mchanga ni mdogo kuliko punje ya ufuta, na kwenye ngozi yetu hufanana na kidoa cha kuzaliwa, kwa hiyo tumia ncha za vidole kuliko macho. Jioni hiyo hiyo papasa nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, kwenye kinena na nyuma ya magoti. Mtoto aliyesukwa, pitia mistari ya nywele mmoja mmoja.

Ukimkuta, mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute juu taratibu bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa kiberiti. Akisumbuliwa anaweza kutema vilivyomo tumboni mwake ndani ya jeraha. Osha kwa sabuni, andika tarehe.

Upele wake kwa kawaida hutokea baada ya wiki moja hadi nne, ingawa unaweza kuchelewa hadi miezi mitatu. Picha nyingi huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwa mtoto mweusi huweza kuonekana kama alama ya kuvilia damu, na duara lisidhihirike. Alama ikizidi kupanuka, au mtoto akipata homa na kuchoka kusiko kwa kawaida, muone daktari wako au piga 111, namba ya simu ya ushauri wa afya, na mtajie ile tarehe uliyoiandika.