Zungusha paneli kwanza, ndipo uiamini fleti

Wanaoanza kupiga picha za anga huniletea swali moja mara kwa mara: kwa nini picha yangu imebaki na weusi pembeni, au upande mmoja una mwanga kuliko mwingine, ilhali nimetumia fleti? Wengi hukimbilia kifaa cha programu kinachoondoa mteremko wa mwanga. Doa linapungua, wanaridhika. Nawasihi waanze kuikagua fleti yenyewe, maana mara nyingi tatizo limezaliwa humo.

Fleti ni picha ya eneo jeupe lililoangazwa, inayopigwa kwa darubini ileile, kamera ikiwa katika mkao uleule na fokasi haijaguswa. Inanasa jinsi pembe zinavyofifia, vivuli vya vumbi vyenye umbo la pete, na tofauti ya usikivu kati ya pikseli moja na nyingine. Ukiigawanya picha ya anga kwa fleti, kasoro hizo zinafutika. Lakini yote yanategemea sharti moja: mwanga uliopiga fleti uwe umeenea sawasawa. Kama paneli ina mwanga zaidi upande wa kulia kwa asilimia 2, programu haina njia ya kujua kwamba kosa ni la paneli. Itaupunguza upande wa kulia wa kila picha utakayopiga usiku ule. Asilimia 2 inaonekana ndogo hadi utakapotafuta kingo hafifu za Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, ambazo huenda zikauzidi mwanga wa anga kwa asilimia 1 tu. Hapo kosa la fleti ni kubwa kuliko kile unachokitafuta.

Na kifaa cha kuondoa mteremko hakitakuokoa. Kifaa hicho kwa kawaida hutoa, yaani huondoa mwanga uliojiongeza, kama ule wa taa za mji au wa Mwezi. Kosa la fleti ni la kuzidisha: limegusa anga, nyota na nebula kwa uwiano uleule. Ukilitoa, anga itaonekana imetulia, lakini nyota za upande ule zitabaki na mwanga usio wao. Kwa picha ya kutundika ukutani unaweza kuvumilia. Kwa anayepima nyota zinazobadilika mwanga, vipimo vyote vimeharibika.

Mimi nipo Dodoma, natumia darubini ya lenzi ya milimita 80 na paneli ya LED ya aina wanayotumia wachoraji kunakilia michoro. Paneli hizi si mbaya hata kidogo, ila taa zake huwa zimepangwa kwenye ukingo, hivyo mwanga hupungua kadiri unavyokwenda mbali na ukingo huo. Ushauri wangu wa kwanza ni kuilaza paneli juu kabisa ya mdomo wa darubini. Sababu yake ni ya jiometri. Kila pikseli hukusanya mwanga kupitia lenzi nzima. Paneli ikiwa sentimita 10 mbele ya lenzi, pikseli iliyoko nyuzi 2 kutoka katikati inaona kipande cha paneli kilichosogea milimita 3.5 tu, kwa hiyo pikseli zote zinaona karibu kipande kilekile na kasoro za paneli zinagawanyika kwa wote. Isimamishe paneli mita 2 mbele, kipande hicho kinasogea milimita 70, karibu upana wote wa lenzi. Sasa kila pembe ya kamera inatazama sehemu yake ya paneli, na kasoro zote zinaingia kwenye fleti.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo ningependa kila mwenye kamera ya anga alifanye japo mara moja. Piga fleti kama 20. Usiguse darubini wala kamera. Zungusha paneli peke yake nyuzi 180, halafu piga 20 nyingine. Toa bayasi, yaani kiwango cha msingi ambacho kamera hukiongeza kwenye kila picha hata pasipo mwanga, kwenye mafungu yote mawili, tafuta wastani wa kila fungu, kisha gawanya fungu la kwanza kwa la pili. Siril, programu ya kuchakata picha za anga, inafanya kazi hii bila malipo. Vumbi na weusi wa pembeni vitafutana, kwa kuwa vimo kwenye mafungu yote mawili kwa kiasi kilekile. Kinachobaki ni paneli yako. Ukiona uso mtulivu wenye chembechembe tu, shukuru. Ukiona mteremko kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ujue umeuona mara mbili ya ukubwa wake halisi, kwa sababu fungu la pili limeugeuza.

Dawa nayo imo humohumo. Wastani wa mafungu hayo mawili hufuta mteremko ulionyooka, kwani kila upande umepata zamu ya mwanga mwingi na mwanga mchache. Siku hizi napiga fleti zangu kwa mikao minne, nikizungusha paneli robo duara kila mara, na sioni sababu ya kurudi kwenye mkao mmoja.

Kabla ya kuilaumu paneli, hakikisha hesabu ni safi. Fleti isiyotolewa bayasi huonyesha pembe zina mwanga kuliko ukweli, kwa hiyo picha ya mwisho inabaki na pembe nyeusi. Picha ya anga isiyotolewa picha za giza, yaani zile zinazopigwa darubini ikiwa imefunikwa, hufanya kinyume: pembe zinang'aa kupita kiasi. Ukijua kasoro imeelemea wapi, unajua pa kutafuta. Taa za LED nazo humetameta zikipunguzwa mwanga, na fleti fupi sana hutoka na mistari. Tandika karatasi nyeupe mbili tatu juu ya paneli ili fleti moja ichukue sekunde 2 au zaidi, huku kilele cha histogramu, ile grafu ya mwanga wa pikseli, kikiwa karibu na katikati.

Kuna wanaopendelea anga ya machweo, na ni chanzo kizuri. Mwaka 1996 wanaastronomia Chromey na Hasselbacher walionyesha kwamba karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa, ukielemea kidogo upande ulio kinyume na Jua, kuna sehemu ambayo mteremko wa anga ni mdogo kabisa. Shida yetu ni muda. Huku karibu na Ikweta Jua huzama karibu wima, na tangu lizame hadi lifike nyuzi 6 chini ya upeo ni dakika 20 na kitu tu, wakati London mwezi Juni hupita zaidi ya 40. Mwenye vichujio vinne, ambavyo kila kimoja huhitaji fleti zake, hatamaliza.

Kuzungusha paneli kuna mpaka wake: hakutambui kasoro ya duara, mfano mwanga unaorukaruka ndani ya darubini na kutua katikati ya fleti. Hata wakubwa wamepambana nayo. Kamera ya DECam, yenye pikseli milioni 570, iliyofungwa kwenye darubini ya Blanco ya mita 4 huko Cerro Tololo, Chile, hupigiwa fleti za skrini iliyomo ndani ya kuba, lakini mwanga wa namna hiyo huzichafua. Wataalamu wake waliamua kupiga nyota zilezile zikiwa sehemu mbalimbali za kamera na kuona kama mwanga wake unabaki uleule.

Nasi tunaweza. Kati ya Juni na Agosti, Messier 7, kundi la nyota katika Nge, hupita juu sana kwetu. Chagua nyota chache zisizojaza pikseli, zipige zikiwa katikati, kisha zipeleke kwenye kila pembe ndani ya dakika chache, na pima mwanga wake kwenye picha zilizokwisha kugawanywa kwa fleti. Nyota ikipoteza asilimia 3 ikiwa pembeni, fleti yako imekosea asilimia 3 mahali pale, na sasa unayo namba ya kuanzia. Rudia kipimo hiki ukibadilisha kipunguza fokasi (lenzi inayofupisha urefu wa fokasi wa darubini) au ukipaka rangi nyeusi isiyong'aa ndani ya bomba, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ningejaribu.