Usipashe chakula cha mtoto ndani ya plastiki, hata yenye lebo ya "haina BPA"

Usiviingize vyombo vya plastiki ulivyonunua kwenye maikrowevu, nakusihi. Umeuliza kama vinafaa kwa friza, kwa chupa za maji na kwa kupasha chakula cha mtoto, na hili la mwisho ndilo lililonishtua, kwa sababu unategemea alama ya maikrowevu na lebo ya "haina BPA", yaani kemikali inayotumika kutengeneza baadhi ya plastiki na inayoweza kuingilia homoni.

Muuzaji aliyeniuzia seti kama hiyo alinihakikishia kwamba lebo imemaliza kila kitu, na hadi leo nina uchungu naye. Tazama chini ya chombo: ukikuta namba 5 ndani ya pembetatu, hiyo ni polipropilini, plastiki ambayo tangu mwanzo haitengenezwi kwa BPA, kwa hiyo lebo inakuondolea hofu ya kitu ambacho hakikuwamo na kunyamazia viungio vilivyomo, yaani kemikali nyingine zilizochanganywa kwenye plastiki, ambavyo navyo vinaweza kuhamia kwenye chakula. Mahali ambapo BPA iliondolewa kweli, wakati mwingine imewekwa BPS, ndugu yake wa karibu, ambayo majaribio ya maabara yameonyesha kuwa nayo huingilia homoni. Alama ya maikrowevu inahusu hasa chombo kuhimili joto bila kupinda wala kuyeyuka. Haimaanishi kwamba hakuna kinachohama.

Vyombo vyangu vilinionyesha wazi. Mchuzi wa nyanya wenye mafuta uliacha mstari wa rangi ya chungwa usiotoka kwa sabuni wala kwa kusugua, na pale mafuta yalipogusa ukuta plastiki ilifanya vishimo vidogo ambavyo ukucha unavihisi. Mafuta hupata joto kupita maji yanayochemka, tena kemikali nyingi za plastiki huyeyuka ndani yake kwa urahisi zaidi kuliko ndani ya maji.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha BPA kinachovumilika kwa siku mara 20,000, hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto ana kilo chache, kwa hiyo kiasi kidogo kwako ni kikubwa kwake.

Hamishia chakula kwenye bakuli la kioo au la kauri kabla ya kukipasha, kila mara, hata kwa dakika moja, na mchuzi unaotoka jikoni upoe kwanza ndipo uingie kwenye plastiki. Ulivyonunua vitumie kwa nafaka kavu, na chenye mikwaruzo usikitilie tena chakula cha mtoto.