Muziki kwenye boti ya zamani: anza na betri, spika baadaye

Kaka, kwa hiyo boti yako ya faiba iliyokuwa ikivuta watu wa ski ya majini, unayotaka kuitia muziki wa kupeleka wageni kisiwa cha Toten kutoka Raskazone, hapo Tanga: hizo spika za gari ulizoonyeshwa mjini achana nazo. Mimi nilizifunga, kaskazi moja tu karatasi zikalegea na sumaku zikala kutu. Tafuta za baharini, zinazohimili jua na chumvi.

Ila kazi yenyewe iko kwenye umeme. Boti ya umri huo nyaya zake nyingi zimeshaota ukijani ndani ya mpira, kata kidogo uone. Vuta nyaya mpya za shaba iliyopakwa bati. Amplifaya ya wati 400 kwenye volti 12 inakula zaidi ya ampea 33 ukiifungulia yote, kwa hiyo weka betri ya pili ya muziki peke yake, na swichi ya kuzitenganisha. La sivyo mtatia nanga kisiwani, mpige taarabu kwa muda wa saa tatu, halafu injini isiwake na maji ndiyo yanakupwa! Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti, ibaki betri ya injini, usiiguse.

Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 18 hivi. Spika ziwe mbali na dira, sumaku huipotosha.

Redio yenyewe? Yoyote ya baharini yenye bluetooth inatosha.