Zungumzeni kabla korosho hazijadondoka

Wanawake wenzangu wa Newala, Tandahimba na Masasi, huku kwetu Mtwara, pesa za korosho zizungumzwe mwezi wa nane, mikorosho ikiwa bado na maua. Zikishaingia benki, mazungumzo yamekwisha.

Kazi tunaijua. Wanaume wengi wanapulizia dawa ya salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Sisi tunapalilia, tunaokota, tunatenganisha korosho na mabibo, tunaanika, tunachambua. Magunia yanapelekwa chama cha msingi cha ushirika, yanasubiri mnada, kisha malipo yanaingia kwenye akaunti ya yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wakulima. Unakuta mama aliyeinama msimu mzima anasikia bei ya mnada kwa jirani.

Nyumbani kwangu tunakaa na daftari. Nimeandika kilo za kila mzigo tuliopima msimu uliopita, halafu chini yake petroli ya mashine ya kupulizia, ada za watoto, na mahindi ya kununua kabla hayajapanda bei Januari. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini kilo zikiwa mbele yake anauliza habari za kilo. Hapo hatubishani tena nani mbadhirifu. Tunapanga.

Jambo la pili ni jina. Kwetu Wamakonde tangu zamani ardhi hufuata upande wa mama, ila mikorosho huhesabiwa ya aliyeipanda, na mara nyingi aliyeipanda ni mwanamume. Ndiyo maana niliomba sehemu ya mikorosho isajiliwe kwa jina langu, na korosho zake zilipwe kwenye akaunti yangu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya wote wawili. Kuhusu nyumba, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja wenu kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Na anayekwambia kupika na kulea si mchango, mweleze kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983: Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Kuna dada wanaoshauri hisa za kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, zifichwe. Sikubaliani nao. Akiba iliyofichwa haina nguvu kwenye mazungumzo, kwa sababu huwezi kuitaja. Mume akijua una hisa, unaweza kusema, "Baba, nusu ya ada natoa mimi, nusu utoe wewe," na hapo huombi, mnagawana mzigo.

Ila nasema haya kwa nyumba zenye amani. Kama unapigwa, au unanyang'anywa kila unachopata, usitaje chochote. Kitabu chako cha hisa kakiweke kwa mtu unayemwamini, uende dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Kwa wengine, nendeni chama cha msingi mkamuulize katibu shamba lenu limesajiliwa kwa jina la nani. Ukikuta ni la mume peke yake, usianze kwa kudai nusu. Omba mstari mmoja wa mikorosho, ile ya karibu na nyumba ambayo unaipalilia mwenyewe, na uombe kabla daftari la msimu halijafungwa.