Dizeli used inakula kidogo, ila we unatembea kilomita ngapi?

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Nimepata gari ya dizeli iliyotumika, ina miaka 11, odomita inasoma kilomita laki moja na tisini elfu, mwenyewe anasema ukijaza tenki unasahau. Kwa hela hiyohiyo kuna nyingine ya petroli, injini ndogo, imetembea kidogo. Mi kazini kwangu ni kilomita 7 tu, safari ndefu labda mara mbili kwa mwaka. Shemeji yangu amekomaa nichukue dizeli eti injini zake hazifi. Halafu ni kweli ukichanganya petroli kidogo kwenye dizeli inasafisha nozo, vile vidude vinavyopuliza mafuta ndani ya injini?

JIBU: Mdogo wangu, jibu umeshalitoa mwenyewe hapo kwenye kilomita 7. Chukua ya petroli.

Sa twende taratibu ili na shemeji aelewe. Ni kweli dizeli inakula kidogo, lita moja ya dizeli ina nguvu kuliko lita ya petroli na injini yake inabana hewa zaidi, kwa hiyo inakamua vizuri kile inachokunywa. Tuseme petroli inakula lita 8 kwa kilomita 100 na dizeli lita 6. Wewe kwenda kazini na kurudi ni kilomita 14 kwa siku, ukijumlisha na hizo safari zako mwaka mzima unafika kama kilomita 6,000, umeokoa lita 120. Basi. Hayo ni matenki mawili na kidogo. Anayekimbiza kilomita 40,000 kwa mwaka anaokoa lita 800, huyo ndo dizeli inamlipa, na akibadilisha nozo haumii sana maana hela yake alishairudisha barabarani.

Wewe seti ya nozo itakula akiba ya miaka. Na sio nozo tu, kuna pampu ya presha, kuna turbo inayosukumia injini hewa, kuna hita plagi za kuwashia asubuhi. Shemeji anaongelea zile dizeli za zamani za pampu ya kawaida, zile kweli zilikuwa ngumu, ila hizi za sasa ni kitu kingine kabisa: tairi yako ina presha ya baa 2 na kidogo, mafuta yanayoingia kwenye nozo za kisasa yanasukumwa na presha inayoweza kufika baa 2,000, sa mafuta yakiwa na maji au uchafu kidogo tu kasheshe.

Lakini kitakachokuua wewe hasa ni chujio la masizi. Liko kwenye njia ya moshi, linakamata masizi, likijaa linatakiwa liyachome lenyewe na hapo linataka joto la kama nyuzi 600, joto ambalo kwa mwendo wa kilomita 7 hulipati, injini haijapata moto vizuri ushazima umeingia ofisini. Gari inaanza kuchoma, unaikatisha, kesho tena, unaikatisha. Yale mafuta ya ziada yaliyomwagwa ili kuchoma masizi yanateremka kwenye oili. Unachomoa stiki unakuta oili imepanda badala ya kushuka, unainusa ina harufu ya dizeli. Mtu anafurahi gari yake haili oili, kumbe oili imekuwa nyepesi kama maji!

Kama bado moyo uko kwa dizeli (nawajua nyie), nenda kaikague asubuhi na mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Niliwahi kumsindikiza mteja, nikaweka kiganja kwenye boneti, ya moto, jamaa anasema ni jua. Saa moja asubuhi! Tukarudi kesho yake bila taarifa, stata ilizunguka mpaka huruma, ikawaka na moshi mweupe unaochoma macho. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili, kigeuze ukiweke hivyohivyo juu ya tundu: kikitikisika kidogo sawa, kikirukaruka na moshi unatoka kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka, injini inavujisha presha. Kisha ipandishe mlima, moshi mweusi mzito ukanyagapo ujue nozo au turbo wanalia. Na uliza kama lile chujio bado limo, wengine wanalitoboa ili wauze haraka, halafu siku ya ukaguzi wa moshi msalaba unaubeba wewe.

Kuhusu petroli kusafisha nozo, usijaribu. Dizeli ndo inayolainisha pampu, petroli inaikausha, chuma kinasagana na chuma, unga wake unaenda moja kwa moja kwenye hizo nozo ulizotaka kuzisafisha. Na ikitokea umejaziwa petroli kwa makosa, usiwashe, hata switchi usigeuze kwa sababu gari nyingi pampu ya tenki inaanza kusukuma hapohapo. Isukumeni kwa mikono pembeni, tenki limwagwe lote.