Blowa ndogo ya betri: jibu refu kwa ndugu wa Kahawa West

Ndugu wa Kahawa West, umeuliza kama blowa ndogo ya betri, ile mashine ya mkononi ya kupuliza vumbi na majani, itakufaa kwa nyumba ya vyumba viwili yenye kabro (tofali za kutandaza chini) mbele na gari moja, au heri hela ikae mfukoni uendelee na ufagio. Umesema pia kwamba muuzaji mmoja mjini amekuapia kuwa ya volti 20 ina nguvu kuishinda ya volti 18. Nianze na huyo muuzaji, kwa kuwa jibu lake ni fupi.

Betri hizo mbili ni kitu kimoja. Ndani mna seli tano za lithiamu zilizounganishwa kwa mfuatano. Seli moja ikiwa kazini huhesabiwa volti 3.6, mara tano ni 18. Ikitoka kwenye chaja imejaa hufika volti 4 na kidogo, mara tano ni 20 na kitu. Kampuni moja huandika hesabu ya kwanza kwenye boksi, nyingine huandika ya pili, basi. Wewe tazama Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba). Volti 18 mara Ah 4 ni wati-saa 72, na ya Ah 2 ni nusu ya hapo. Blowa ikivuta kama wati 300, betri kubwa itakupa dakika 14 hivi na ndogo dakika 7, ukiwa umekaza kitufe mpaka mwisho. Watu husikia dakika 7 wakacheka, lakini hakuna anayekaza kitufe mfululizo. Unapuliza, unaacha, unasogeza kiti, unapuliza tena.

Sasa mimi. Ni seremala, karakana yangu iko Ngong Road, upande wa Dagoretti Corner, na hiki kidude ninacho mwaka wa nne sasa. Nilikinunua kwa sababu moja tu: maranda na vumbi la msasa. Maranda yenyewe unaweza kuyafagia, hayana neno. Vumbi la msasa ndilo adui. Linaingia kwenye pembe za droo, kwenye nakshi, kwenye matundu ya skrubu, ukipitisha kitambaa unalisukuma ndani zaidi. Zamani nilikuwa napuliza kwa mdomo kama mtu anayefufua jiko, nikimaliza macho mekundu na kifua kinakereka. Blowa inamaliza droo nzima kwa sekunde kumi.

Wiki ya kwanza nilijiona mjanja. Nikapuliza benchi huku kabati la vyombo la mteja, lililopakwa vanishi nusu saa kabla, liko hatua nne nyuma yangu. Vumbi halikutoka nje. Liligonga ukuta, likarudi juu juu, likatua kwenye vanishi kama unga kwenye meza ya chapati. Nilipiga msasa upya, nikapaka upya, siku mbili zikaenda. Mteja nilimwambia stima ilipotea, Mungu anisamehe.

Tangu hapo sibonyezi kitufe kabla sijaona uchafu unaenda wapi. Blowa haiondoi taka, inaihamisha tu, na kama hujaipa njia itajitafutia yenyewe. Nafungua mlango na dirisha la pili, naanza juu, nashuka, nasukuma kuelekea nje. Nje nako natazama upepo. Hapa Nairobi mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo ukipuliza ukiutazama, ujue unajipulizia mwenyewe. Halafu barakoa na miwani, hilo sibishani na mtu. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Vijana wa karakana waliniona mzee mwoga mpaka nilipowaambia hivyo.

Nyumbani ni hadithi nyingine. Naishi Riruta, ploti ya milango sita, na uani kamba hazikosi nguo. Jumamosi moja ya Februari, vumbi jekundu limekauka kama unga, nikaamua kuwaonyesha watu teknolojia. Sekunde tano tu, wingu likapanda. Mama wa mlango wa tatu akatoka, akatazama shuka zake nyeupe, akanitazama mimi: “Fundi, hizi utazifua wewe?” Sikuzifua, ila nilimnunulia sabuni. Kwa vumbi jekundu la kiangazi ufagio na maji ya kunyunyiza vinaishinda blowa yoyote, hata ile kubwa ya petroli inayobebwa mgongoni.

Kabro yako nayo ina mambo mawili. La kwanza, kati ya tofali na tofali kuna mchanga ulioshindiliwa ili zisicheze. Ukisimamisha mdomo wa blowa wima, unauchimba huo mchanga, na baada ya miezi utasikia kabro zinagongana chini ya tairi. Laza mdomo, karibu sambamba na ardhi, na usikaze sana. La pili ni majani na maua yaliyolowa. Kama una jakaranda jirani, utaelewa: kuanzia Septemba hadi Novemba maua yanaanguka kila siku. Yakiwa makavu, yanakimbia mbele ya blowa kama vifaranga. Yakinyeshewa usiku na mvua za vuli, kisha gari lipite juu, yanajibandika kama stempu. Hapo utamaliza betri ukiyatazama tu. Chukua ufagio wa chelewa ule mgumu, kwaruza, ukimaliza rudi kanywe chai. Blowa ndogo ina kasi ya hewa mdomoni lakini hewa yenyewe si nyingi, na ukirudi nyuma hatua mbili nguvu imekwisha.

Mahali ambapo siiachi ni pale ufagio usipofika. Reli za madirisha ya kutelezesha, zile ambazo mchanga na mbawa za kumbikumbi hujazana mpaka dirisha linakwama. Neti za mbu. Grili, zenye buibui kila kona. Nyuma ya friji, kwenye ule wavu wenye manyoya ya vumbi (chomoa plagi kwanza). Na gari, aisee. Milango yote minne wazi, unaanzia kwenye dashibodi, unashuka chini ya viti, makombo ya biskuti na njugu ya mwaka jana yote yanatoka mlango wa pili. Ukishaosha gari, pitisha kwenye vioo vya pembeni, vishikio vya milango na nati za magurudumu, maana hapo maji hujificha na kuacha mistari gari likishakauka.

Kompyuta pia nasafisha, lakini kwa nguvu ndogo, na feni naishika kwa kidole isizunguke. Hewa ikiizungusha kwa kasi kuliko ilivyoundwa inaweza kuharibika.

Kuhusu gata uliyotaja, ule mfereji wa maji ya paa: majani makavu, ndiyo, yanaruka vizuri. Tope lililooza, hapana, litakurukia usoni, na uko juu ya ngazi na mkono mmoja tu wa kujishikilia. Tope litoe kwa mkono na ndoo. Na kama unavuna maji ya paa kwenye tanki, kama sisi tuliozoea mgao, chomoa ule mpira unaoingia tankini kabla hujaanza. Mimi nilisahau, tukaoga maji ya rangi ya chai wiki nzima.

Kuna mtu atakuja hapa chini kuuliza kama inawasha jiko. Inawasha. Makaa yanashika kwa dakika mbili. Inarusha pia cheche mpaka kwa jirani, na plastiki ya mdomo hulainika ukisogea karibu. Nilifanya mara moja, sirudii.

Jambo ambalo ningetamani niambiwe mapema ni la chaja. Blowa ya kwanza sikuinunua hapa, shemeji aliniletea kutoka Marekani, bei nzuri, boksi linanukia upya. Nikachomeka chaja kwa adapta ya plagi. Ikalia “pap”, harufu, kwisha. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, huku kwetu ni 240, na adapta inabadilisha umbo la plagi tu, volti haigusi. Kabla hujachomeka chochote cha kuletewa, soma kibandiko mgongoni mwa chaja. Ikiandikwa 100–240V, endelea. Ikiandikwa 120V peke yake, tafuta chaja ya huku au transfoma ya kushusha. Na anayeleta asiziweke betri za akiba kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, ziende naye mkononi, na mwisho wa kawaida ni wati-saa 100 kwa betri. Ya Ah 5 ni wati-saa 90, kwa hiyo inapita.

Stima ya kuchaji isikunyime usingizi. Betri ya Ah 4 haili hata sehemu moja ya kumi ya uniti ya tokeni, haifiki shilingi tano. Kinachoua betri ni joto. Ikitoka kazini ikiwa moto, iache ipoe kabla ya kuichaji, na usiisahau kwenye gari lililoegeshwa juani.

Sasa ununue au usinunue? Kama tayari una drili ya betri, nunua blowa ya familia ileile, inayotumia betri hiyohiyo, mwili mtupu bila betri wala chaja, maana bei kubwa iko kwenye hivyo viwili. Hapo sikuzuii, utaitumia kila wiki. Kama huna drili na huna mpango nayo, kwa kabro ya gari moja utakuwa umenunua betri ghali ya kufukuza majani. Ufagio utakuwa umemaliza kabla mimi sijaipata chaja ilipo.

Ila hilo gari, kama watoto wako wanakula njugu kiti cha nyuma kama wangu, niandikie ujumbe. Jumapili karakana imefungwa, nakuazima. Uirudishe betri imejaa.