Ukiona bango la kilomita 254, simama kwanza

Glendambo, kusini mwa Australia, ni kituo cha mafuta, baa na nzi. Bango lao la kukaribisha wageni linataja wakazi wote: kondoo 22,500, nzi 2,000,000, watu 30. Tulicheka, tukapiga picha, tukaondoka. Tangi hatukujaza. Geji ilikuwa nusu, bei ya dizeli pale ilituudhi, na shemeji yangu, aliyezeeka kwenye usukani wa Dar–Tanga, akasema: "Twende shemeji, sheli hazikosekani njiani."

Zinakosekana. Kutoka Glendambo kwenda Coober Pedy kwa Stuart Highway ni kilomita 254, na katikati hakuna sheli, hakuna duka, hakuna nyumba. Dar hadi Morogoro hakufiki umbali huo, na njiani una Kibaha, Mlandizi, Chalinze, na kila ukisimama mtu anakusogezea machungwa dirishani. Sisi tuliolelewa kwenye barabara zenye watu tuna ugonjwa mmoja ambao hatujui kuwa tunao: tunasafiri tukiwahesabia watu wengine kama spea. Gari likizima Segera, kabla hujafungua boneti watoto wameshafika, na mmoja wao anamjua fundi. Huku likizima, anayekuja ni kunguru. Kwa hiyo karibu kila ninachowaambia hapa, nyinyi mnaokodi gari la kulala, lile lenye vitanda na choo ndani, kwa mara ya kwanza, maana yake ni hiyo: kile ambacho kwetu ungepewa na watu, huku unakibeba mwenyewe.

Tuanze na hayo mafuta, maana ndiyo yaliyotuaibisha. Tangi letu lilikuwa la lita 75. Gari la aina ile lilikuwa likila lita 15 hivi kwa kilomita 100, hiyo ni siku tulivu. Siku ile tulikuwa na upepo wa omo, kama wanavyosema wavuvi wa Tanga, na gari la kulala ni sanduku refu: upepo ukilipiga usoni, unaiona geji ikishuka kwa macho. Taa ya njano iliwaka tukiwa na kilomita zaidi ya 50 mbele. Tukazima kiyoyozi, tukashuka hadi 70 kwa saa, hakuna aliyesema neno. Mwisho Baba Zuhura, mume wangu, akaegesha penye eneo la kupumzikia, ambapo mzee mmoja na mkewe walikuwa wanakunywa chai kando ya karavani yao. Wastaafu wa aina hiyo utawakuta njia nzima. Wameuza nyumba au wameifunga, wanazunguka nchi miezi na miezi. Alitupa lita 10 kutoka kwenye dumu lake, halafu akanisomea kama mwanawe: kila kituo unachokiona, unajaza, hata kama geji iko robo tatu. Kituo kinachofuata huenda kimefungwa, au kimeishiwa. Usibishane na bei.

Tangu siku hiyo ndiyo sheria yetu. Kaskazini ya Coober Pedy kuna vituo kama Marla, Kulgera, Erldunda, halafu Alice Springs, mnajaza vyote.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Tangi la gari msilihesabu kama maji ya kunywa. Hilo ni la vyombo na kuoga. Wekeni madumu pembeni, lita 10 kwa kila mtu kwa siku, na siku kadhaa za ziada. Sehemu nyingi maji ya bomba ni ya kisima, yana chumvi, na chai yake haina raha. Na gari likiwaharibikia, msiliache mkaenda kutafuta msaada kwa miguu. Najua silika ya kwetu ni kuanza kutembea, maana kijiji hakiko mbali. Huku kiko mbali. Gari lina kivuli, lina maji, na linaonekana kutoka angani. Mtu anayetembea haonekani.

Kuhusu simu: nje ya miji mtandao unakufa, na mingine haipo kabisa. Ulizeni mapema ni kampuni gani inafika mbali zaidi, na kama mnaacha barabara kuu, kodini simu ya setilaiti au kifaa cha kuashiria dharura. Mpeni mtu mjini ratiba yenu: leo tunalala wapi, kesho wapi. Mkiona mistari myeupe ya ajabu imechorwa barabarani na lami imepanuka ghafla, msishangae. Hapo ni mahali pa kutua ndege ya madaktari wa angani. Huduma hiyo ilianza mwaka 1928, na vipande kadhaa vya barabara kuu ni viwanja vyake vya dharura.

Sasa wanyama. Mkataba wetu wa kukodi, kama ilivyo mingi, ulikataza kuendesha nje ya mji kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza. Shemeji aliona ni masharti ya kunyanyasa wateja. Asubuhi moja tukahesabu mizoga ya kangaruu kando ya lami, tukafika 30 tukaacha. Kangaruu hutoka kula jioni na alfajiri, honi haimsaidii, na akipigwa na taa anaweza kurudi mbele ya gari badala ya kukimbia. Akitokea, shika breki huku usukani umenyooka. Ukikwepa, gari refu kama lile linalala ubavu. Kwenye jimbo la Northern Territory kuna pia ng'ombe, kwa kuwa mashamba mengi hayana uzio kando ya barabara, na ng'ombe mweusi usiku humwoni mpaka umemfikia. Mchana mwangalie tai: anakula mzoga katikati ya njia, ameshiba, mzito, na anapoondoka huinuka polepole kuelekea upepo, hata kama upepo unatokea kwako. Punguza mwendo mapema. Kwa hiyo pangeni safari ya kilomita 400 kwa siku, basi, na saa kumi alasiri muwe mmeegesha. Julai jua linazama karibu na saa kumi na mbili.

Semi za kwetu mnazijua. Huku kuna lori linavuta tela tatu au zaidi, na urefu wote unafika mita 53.5. Likija mbele yako, shika usukani kwa mikono miwili, sogea kushoto kidogo, maana kwanza upepo unakusukuma halafu unakuvuta. Kulipita ni jambo jingine. Sisi tulijifunza kutolipita. Kama lazima, muwe na redio ya upepo kwenye chaneli 40, ambayo madereva wa malori wanaisikiliza. Jitambulishe, mwambie uko nyuma yake, naye mara nyingi atakuambia anachokiona mbele. Lakini macho ni yako. Jambo jema ni kwamba wanaendesha kushoto kama sisi, hivyo hakuna cha kujifunza upya isipokuwa subira.

Wengi hujiandaa na joto wakasahau baridi. Msimu mzuri wa eneo la katikati ni Mei hadi Agosti, kwa sababu kiangazi jua linaua, na huko kaskazini mvua za Novemba hadi Aprili hufunga barabara. Lakini usiku wa Julai pale Alice Springs joto linaweza kushuka chini ya sifuri. Mimi nilikwenda na khanga mbili na blanketi jepesi, kwa kuwa akilini mwangu jangwa ni Arabuni. Alfajiri mpira wa maji ulikuwa umeganda, mgumu kama fimbo.

Kuna kazi ambayo hakuna atakayewaonyesha kwenye picha: kumwaga choo. Choo cha gari kina kasha linalochomolewa kwa nje, na halimwagwi popote. Miji mingi ina shimo lake maalumu. Mwageni kila baada ya siku mbili, msisubiri lijae. Vaeni glavu. Na kasha lina kitufe cha kuingizia hewa: kibonyeze tu wakati mdomo umeshainamishwa shimoni, vinginevyo uchafu unatoka kwa vishindo, gulugulu, na kukurukia. Baba Zuhura hakuambiwa habari ya kitufe. Suruali ile tuliiacha Coober Pedy.

Ndani ya gari, kila kabati lina kifungo, na mtu mmoja awe na kazi ya kuvikagua kabla ya kuondoka: kabati, friji, madirisha ya juu, ngazi ya mlangoni, mtungi wa gesi umefungwa. Siku nilipomwachia kila mtu kazi hiyo, hakuna aliyeifanya. Kona ya kwanza friji ilifunguka, sufuria ya maharage ya nazi ikaishia chini ya kiti cha dereva, na harufu yake ikakaa nasi hadi mwisho wa safari. Kuhusu barabara za vumbi, someni mkataba: kwa kawaida gari lisilo na injini ya kuvuta magurudumu manne haliruhusiwi huko, na ukivutwa kutoka matopeni unalipa mwenyewe. Maeneo mengine ni ardhi ya wenyeji wa asili na yanahitaji kibali, kwa hiyo msifuate ramani ya simu kwa sababu tu imeonyesha njia ya mkato.

Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu wa katikati ya nchi, hakupandwi tena, tangu tarehe 26 Oktoba 2019. Waanangu, wenye mahali pale, walikuwa wakiomba hivyo miaka mingi. Mnazunguka chini yake kwa miguu, na mtakuta mabango yanayokataza kupiga picha sehemu fulani. Yaheshimuni. Na nafasi ya kulala Yulara, mji mdogo ulio karibu na hapo, wekeni miezi kabla, hasa likizo za shule za Julai. Sisi tuliikosa, tukalala Curtin Springs, kilomita kama 85 kabla.

Kabla ya kufika hapo, upande wa kushoto, kuna mlima mpana wenye kichwa bapa, mwekundu, peke yake kwenye tambarare. Shemeji akapiga kelele tusimame. Alipiga picha kama 40, amesimama mbele yake amenyoosha mikono, na mtandao ulipopatikana akazituma zote kwenye kundi la familia. Ule ni Mount Conner. Tulimwambia kesho yake, tulipouona Uluru wenyewe, lakini Tanga walikuwa wameshachapisha. Mpaka leo picha iko sebuleni kwa bibi, ndani ya fremu, imeandikwa "Uluru", na hakuna kati yetu aliye na moyo wa kuishusha.